Je, Ni Uongo Kuwaza Jambo Lisilokuwako?

(Juu ya hadithi za sayansi, sinema ya ndoto na muziki wa kuvumbua)



Jumamosi ile tulipotandika shuka nyeupe katika labo na kuonyesha filme fupi ya watu wanaokwenda katika mwezi, wengi wenu mlicheka mpaka machozi. Wamoja wakauliza: "Mwalimu, ile mwezi yenye kuwa na macho, iko ya kweli ao ya bongo?" Siku tatu nyuma yake, mzee mmoja wa kanisa, ambaye mjukuu wake anasoma hapa, alikuja kuniona nyumbani. Hakuja na hasira. Alikaa, akanywa maji, akasema:

"Mwalimu, sisi tunabatumia batoto bajifunze mambo ya kweli. Sasa munabaonyesha bintu byenye habiko. Mutu wa Mungu anaweza kupenda bongo?"

Nikamwambia: "Baba, munipatie siku kidogo. Nitajibu kwa kuandika, na wanafunzi nao wasome."

Alikubali. Lakini mbele ya kuondoka alinijulisha kwamba komite ya wazazi itazungumza juu ya Jumamosi zetu mwisho wa trimestre. Wanaweza kuzifunga. Basi leo siandiki kwa kujifurahisha tu. Ninapenda sana hadithi za sayansi, sinema zinazofanana na ndoto, na muziki ambao mtu anausikia mara ya kwanza na kuuliza: "Hii ni ngoma gani?" Nataka kueleza ni vitu gani, vinafanywa namna gani, na kama vina faida kwa mwanafunzi na kwa mkristo. Ule mzee aliuliza neno la maana, tena alistahili jibu la maana.

1. HADITHI YA SAYANSI NI NINI?

Sisi wote tulikomaa na hadithi za Kalulu. Kalulu anasema, anafanya ujanja, anamdanganya Tembo. Hakuna mtoto anayeuliza Kalulu alijifunza kusema katika masomo gani. Tunakubali tu, na hadithi inaendelea.

Hadithi ya sayansi inafuata njia ingine. Mtungaji anabadilisha jambo moja ao mawili, kisha anafuata matokeo yake pole pole, sawa mwanafunzi wa algebra: tuseme x ni kadhaa, basi y itakuwa nini? Tuseme mtu anaweza kuruka katika mwezi. Atatumia chombo gani? Atapumua nini? Atarudi namna gani? Neno la kwanza linawaziwa, lakini yote yanayofuata yanataka hesabu.

Mmoja wa mababu wa kazi hii ni Jules Verne, Mfaransa aliyezaliwa Nantes mwaka 1828, akafa Amiens mwaka 1905. Kitabu chake cha kwanza kilichopata sifa kilitoka mwaka 1863, na safari yake inaanzia Zanzibar. Watu watatu wanapanda baluni ya gesi ya hidrojeni, na upepo unawapitisha juu ya Afrika mpaka Senegal. Verne hakufika Zanzibar. Alisoma vitabu vya wasafiri, akatandika karata juu ya meza, akaanza kuuliza. Upepo wa juu na upepo wa chini haziendi upande mmoja. Basi mtu wa baluni anapaswa kupanda na kushuka ili achague upepo wake. Lakini akitupa mizigo ili apande, na akiacha gesi ili ashuke, nyuma ya siku chache hatabaki na kitu. Verne akawaza chombo cha kupasha gesi moto: gesi ikipata moto inapanuka na baluni inapanda, ikipoa, inashuka. Hakuna kinachopotea. Mnaona? Hii si bongo. Ni somo la fizike lenye kuvaa nguo za safari.

Lakini nisifiche neno. Katika kile kitabu watu wa bara letu wanaandikwa kwa zarau. Verne alihesabu gesi vizuri, hakuhesabu watu vizuri. Shikeni neno hili, tutalirudilia.

Mwaka 1865 alitoa kitabu kingine: Wamarekani wanachimba mzinga mkubwa sana katika udongo wa Florida, na kupiga risasi kubwa kuelekea mwezi, ndani yake watu watatu. Tuchukue kaye na tuhesabu. Ule mzinga una urefu wa futi 900, ni kusema karibu meta 274. Risasi inapotoka mdomoni ina mbio ya karibu kilometa 11 kwa segonde, na kweli ile njo mbio inayotakiwa ili kitu kitoke katika mvuto wa dunia. Hapo Verne alikuwa sawa. Sasa, kama mbio inaongezeka sawasawa ndani ya mzinga, tunazidisha 11,000 kwa 11,000, tunapata 121,000,000. Tunagawanya kwa mara mbili ya urefu, 548. Jibu ni karibu 220,000. Ni mwongezo wa mbio wa meta 220,000 kwa segonde, kila segonde: mara zaidi ya 22,000 kupita mvuto wa dunia. Mtu wa kilo 60 angejisikia uzito wa tani 1,300 na zaidi. Verne aliweka maji chini ya sakafu ili kupunguza lile pigo. Wapi! Wale watu watatu wangekuwa wamebandikwa chini sawa rangi ya nyumba, mbele ya kuona anga.

Basi kitabu ni cha bure? Hapana. Ngojeni.

Katika mji mdogo wa Kaluga, huko Urusi, kulikuwa mwalimu wa hesabu na fizike, jina lake Konstantin Tsiolkovsky. Tangu utoto alikuwa karibu kiziwi juu ya ugonjwa. Alisoma Verne, na ile safari ikakaa ndani ya kichwa chake. Aliona kwamba mzinga unaua. Akajiuliza: na kama chombo hakipati mbio yote kwa pigo moja, lakini kidogo kidogo, kwa kutupa gesi nyuma yake? Mwaka 1903 alichapisha hesabu ya roketi. Alikufa mwaka 1935, hakuona roketi yoyote ikifika katika anga ya mbali. Lakini mwaka 1961 Yuri Gagarin alizunguka dunia, na mwezi wa saba wa mwaka 1969 watu watatu wakaondoka kwenda katika mwezi, wakitokea Florida, jimbo lile lile alilochagua Verne. Hesabu waliyoitumia ilikuwa imetoka kwa mwalimu wa masomo ambaye alipenda hadithi yenye kosa.

Hata kwetu roketi zimeruka. Vijana wengi hawajui. Katika kaskazini ya Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba, juu ya mlima unaotazama mto Luvua, kampuni ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilipata ruhusa ya kupima roketi zake. Ya kwanza iliruka tarehe 17 mwezi wa tano 1977. Ya pili iliruka mwaka 1978. Ya tatu, tarehe 5 mwezi wa sita 1978, Prezida Mobutu mwenyewe akitazama, ilishindwa na kuanguka. Mwaka 1979 kazi ile ilifungwa, sababu inchi nyingi ziliogopa kwamba chini ya neno la sayansi kunafichwa silaha. Ninaposoma habari ile ninafikiri juu ya watoto wa vijiji vya Luvua waliosikia ngurumo na kuona moshi. Udongo ulikuwa wa kwetu. Ndoto ilikuwa ya nani?

2. SINEMA YA NDOTO

Ile filme mliyoicheka inatoka mwaka 1902. Aliyeifanya ni Georges Méliès, aliyezaliwa Paris mwaka 1861. Kazi yake mbele ya sinema ilikuwa michezo ya kiini-macho katika teatro yake mwenyewe. Mwisho wa mwaka 1895 aliona sinema ya ndugu wawili Lumière, akawaka moto ndani. Wale Lumière walionyesha vitu vilivyoko: treni inafika, wafanyakazi wanatoka katika kiwanda. Méliès alitaka kuonyesha vitu visivyoko.

Alisimulia mwenyewe namna alivyopata ufunguo. Siku moja alikuwa anapiga picha za barabara katika Paris, na mashine ikakwama. Alipoitengeneza, akaendelea. Nyuma yake, alipotazama ile filme, kumbe! Basi la abiria liligeuka gafula kuwa gari la kuchukua maiti. Mashine ilikuwa imesimama, lakini barabara haikusimama. Katika filme, ule wakati katikati haukuwako.

Hii ndiyo siri yote, na ninyi munaweza kuifanya na telefone. Weka telefone fasi moja, isitikisike. Mwenzako asimame mbele ya mlango. Kata. Mwenzako aondoke, mahali pake uweke kiti. Anza tena. Ukiunganisha vipande viwili, mwenzako amekuwa kiti. Hakuna dawa, hakuna pepo. Niliandika mambo haya wazi juu wamoja walisema katika uwanja kwamba ile filme iko na uchawi. Uchawi wake ni makasi na gundi.

Kati ya mwaka 1896 na 1912 Méliès alifanya filme zaidi ya 500. Kisha watu wakachoka naye, deni zikamfunga, na mwisho aliuza vitu vya kuchezea watoto katika gare moja ya Paris. Alichoma filme zake nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Alikufa mwaka 1938. Ile ya mwezi ilipona sababu watu wa inchi mbalimbali walikuwa na kopi. Kopi yenye rangi, rangi zilizotiwa kwa mkono, picha moja moja, ilionekana katika Hispania mwaka 1993, ikatengenezwa pole pole, ikaonyeshwa tena Cannes mwaka 2011.

Tazameni tena ile filme, lakini nyuma ya kucheka. Wataalamu wanafika katika inchi ya wengine. Hawasalimie. Wanapiga wenyeji kwa mwavuli, na kila mwenyeji akipigwa anapasuka moshi. Wanamwua mfalme wao, wanarudi na mmoja amefungwa kamba, na kule nyumbani wanapewa medali. Mwaka ule wa 1902, inchi yetu ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold II. Sisemi kwamba Méliès alifikiri juu ya Kongo. Ninasema kwamba mtu wa Kongo, akiitazama leo, anaona jambo ambalo wengine hawalioni. Sinema ya namna hii inakuachia fasi ya kuona.

Mwaka 1924, katika Paris, André Breton na wenzake waliandika kwamba ndoto nayo ni sehemu ya maisha, na kwamba mtu anayetumia akili ya mchana tu anaacha nusu ya akili yake. Wakaitwa wasurealisti. Mwaka 1929 Wahispania wawili, Luis Buñuel na Salvador Dalí, walitoa filme fupi iliyoanza na ndoto mbili walizosimuliana. Kanuni yao: kila picha inayoweza kuelezwa, itupwe. Ile filme siwezi kuionyesha katika labo, iko na picha ya jicho linalokatwa (lilikuwa jicho la ndama aliyekufa), na sitaki watoto wakose usingizi. Hapa ule mzee na mimi tunapatana: si kila kitu cha kuvumbua kinafaa kwa kila umri. Tena kuna filme zinazofanywa kwa kuogopesha tu na kwa kukusanya franga. Sizitetei.

Lakini Waafrika walichukua chombo hiki na kukitumia kwa mambo ya kwetu. Mwaka 1973 Djibril Diop Mambéty wa Senegal alitoa Touki Bouki. Kijana anaendesha pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele yake. Yeye na mchumba wake wanatafuta franga kwa kila njia ili wapande meli kwenda Ufaransa. Habari haziendi kwa mstari: zinarudi, zinaruka, zinakatwa na picha za machinjio na za bahari. Mwanzoni mtu anachoka. Kisha anaelewa: kichwa cha kijana anayetaka kwenda Mpoto njo kiko namna ile, hakitulii. Siku ya kuondoka msichana anapanda meli, na kijana gafula anakimbia kurudi mjini. Ni nani kati yetu hajui ile vita ya moyo?

Na mwaka 2023 Baloji, mwimbaji aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukomaa Ubelgiji, alipata zawadi ya sauti mpya katika Cannes kwa filme yake Augure. Katika luga za Waluba jina lake ni "wachawi". Mtu anayebeba jina namna ile tangu utoto yuko na sababu ya kufikiri. Filme inaanza na kijana anayerudi Kongo pamoja na mwenzi wake mzungu ili kusalimia jamaa. Ana alama usoni tangu kuzaliwa, na juu ya ile alama jamaa wanamhesabu kuwa mtu wa shetani. Anapopakata mtoto mchanga, damu inamtoka puani, na nyumba nzima inashikwa na woga. Filme inafuata watu wane, na kila mmoja wao anabeba jina la mchawi. Rangi, nguo na sherehe ni za ndoto. Lakini jambo lenyewe si ndoto. Katika miji yetu watoto wanafukuzwa nyumbani kwa neno lile lile, wanalala sokoni. Kila mmoja wetu anajua mtoto mmoja. Hotuba ngapi zimesemwa juu yao, na masikio yetu yamezoea? Ile filme inamfanya mtazamaji kukaa ndani ya ngozi ya yule anayesingiziwa, muda wa saa moja na nusu. Hiyo ni kweli iliyovaa nguo za ndoto.

3. MUZIKI WA KUVUMBUA

Mwaka 1948, katika redio ya Ufaransa, enjeniere Pierre Schaeffer alichukua mashine yake, akaenda katika gare, akakamata sauti za treni: pumzi, filimbi, magurudumu. Alirudi, akazikata na kuzipanga sawa mtu anayepanga nyimbo. Aliona jambo hili: sahani ya muziki ikikwama, inarudilia kipande kimoja, tena na tena, sikio linasahau treni na kuanza kusikia mdundo. Kosa la mashine likawa chombo cha muziki, sawa lile kosa la Méliès barabarani.

Vitabu vingi vinaanzisha historia pale. Lakini miaka mine mbele yake, mwaka 1944, katika Cairo, kijana Mmisri Halim El-Dabh (1921–2017) aliazima mashine ya redio iliyoandika sauti juu ya waya wa chuma. Alikwenda kukamata sauti za wanawake katika sherehe ya zar, sherehe yao ya kutuliza pepo. Kisha katika studio akaondoa sehemu ya sauti, akaacha mwangwi tu, mpaka nyimbo ikawa sawa upepo unaopita katika nyumba kubwa isiyo na watu. Mvumbuzi huyu alikuwa mtoto wa Afrika. Mimi mwenyewe nililijua jambo hili nikiwa mtu mzima, na nilikasirika kidogo kwamba hakuna aliyeniambia mbele.

Sasa turudi Kinshasa. Kuna orkestra inayoitwa Konono No. 1, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960 na Mingiedi Mawangu. Alitoka upande wa mpaka wa Angola, akaleta mjini muziki wa babu zake na likembe, kile chombo chenye ndimi za chuma ambacho wengine kwetu wanakiita kisanji. Kijijini likembe inasikika vizuri chini ya mti. Katika Kinshasa, na motokari, baa na makelele ya kartiye, nani ataisikia? Mikro za duka zilikuwa za bei kali. Basi walitengeneza zao wenyewe, na sumaku walizozitoa katika vyuma vya motokari zilizokufa.

Wanafunzi wa fizike, fungueni kaye tena. Zungusha waya mwembamba wa shaba mara nyingi juu ya sumaku. Ulimi wa chuma wa likembe ukitikisika karibu yake, unabadilisha nguvu ya sumaku inayopita ndani ya waya, na umeme kidogo unazaliwa. Ni ile sheria ya Faraday ya mwaka 1831. Ule umeme unatikisika sawasawa na ulimi. Ukiukuza na kuupeleka katika kipaza sauti, likembe inasikika mpaka kartiye ya pili. Lakini vyombo vile vya kuokota havikutoa sauti safi. Vilikwaruza, vilinguruma. Wapigaji hawakutafuta ile sauti. Ilikuja yenyewe, na walipoisikia wakaikubali, wakaijenga ndani ya nyimbo. Mwaka 2004 Wabelgiji walitoa sahani yao, Congotronics, na vijana wa Ulaya wanaopiga muziki wa mashine za garama kubwa walishangaa: hawa walipata wapi sauti hii? Jibu: kwenye motokari zilizokufa. Mingiedi alikufa mwaka 2015, na kazi yake inajulikana dunia nzima.

Kuna filme moja inayounganisha vitu vyote vitatu, sayansi, ndoto na muziki. Jina lake ni Neptune Frost, ya mwaka 2021, kazi ya Mmarekani Saul Williams na Anisia Uzeyman wa Rwanda. Ilipigwa katika Rwanda, habari yake iko katika milima ya Burundi, na ndani yake munasikika Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Mchimbaji wa koltani anamwona ndugu yake anauawa mgodini. Anakimbia, anafika katika kijiji kilichojengwa na vipande vya ordinatere zilizotupwa, na kutoka pale watu wa chini wanaingia katika mashine za dunia nzima. Jiwe linatoka kwetu, linapita katika telefone za watu wote, na takataka yake inaturudilia. Mwalimu wa jeografi anaweza kutoa lile somo. Ile filme inalitoa kwa ngoma.

4. JIBU KWA BABA MZEE

Baba, sasa ninarudi kwa neno lenu. Mutu wa Mungu anaweza kupenda bongo?

Hapana, hawezi. Lakini bongo ni nini? Bongo ni kusema jambo lisilo kweli ili mwenzako aamini, na mara nyingi ili upate faida. Anayesimulia safari ya mwezi hamdanganyi mtu. Mlango wa hadithi uko wazi, kila mtu anaingia akijua.

Ninyi mulinifundisha zamani, katika somo la Siku ya Mungu, habari ya nabii Natani na mfalme Daudi, 2 Samweli 12. Natani hakuingia na kusema: wewe mwizi, wewe mwuaji. Alisimulia juu ya maskini na kondoo wake mmoja. Yule maskini hakuwako. Kondoo hakuwako. Lakini mfalme aliwaka hasira, akatoa hukumu mwenyewe, na ndipo alipoambiwa kwamba hukumu ni juu yake. Na Yotamu, katika Waamuzi 9, alifanya miti iseme na kutafuta mfalme. Hatuwaiti hawa waongo. Ninauliza tu: kama Natani angezuiliwa kusimulia jambo lisilokuwako, nani angemfikia Daudi?

Katika Kiswahili chenyewe, Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Ni inchi iliyoko hewani. Wajumbe wake wanatumwa pande sita, hata juu mbinguni na chini ya ardhi, wanarudi na maarifa mazuri, na kila mmoja anatupwa gerezani. Inchi ile haiko katika karata yoyote. Lakini wasomaji wengi wa wakati ule waliitambua mara moja.

Neno langu la mwisho kwenu, Baba, ni hili. Verne aliwaza Afrika, na hakuna aliyetuuliza. Wajerumani waliwaza roketi juu ya Luvua, na watu wa Luvua walitazama tu. Hata leo kuna watu, mbali sana, wanaokaa mezani na kuwaza mambo ya mwaka 2060: shaba yetu, kobalti yetu, maji yetu, watoto wetu. Hawangoji ruhusa. Mtoto akifundishwa tu mambo yaliyoko, atakuwa karani mzuri wa ndoto za wengine. Nataka ajue fizike ya kutosha ili aone kosa la ule mzinga, na nataka awe na moyo wa kutosha ili awaze chombo kingine, sawa mwalimu yule wa Kaluga, sawa Mingiedi na sumaku zake. Kwa sababu hiyo ninaomba Jumamosi zetu zisifungwe. Tena ninawaalika ninyi na komite yote, Jumamosi ijayo, saa kumi. Muketi mstari wa mbele, mutazame pamoja na wajukuu, na mkiona jambo baya museme pale pale. Nitasimamisha mashine.

5. KAZI KWA WANAFUNZI

Kila mara munapotazama filme, munaposoma hadithi ao kusikia muziki wa namna hii, mujiulize maneno matatu:

a) Mtungaji amebadilisha jambo gani?
b) Akisha kulibadilisha, anashika sheria yake mwenyewe mpaka mwisho, ao anadanganya katikati?
c) Nikitoka hapa na kurudi nyumbani, ninaona nini vizuri kupita mbele?

Kazi ingine si ya lazima, lakini ninaingojea na furaha. Andika nusu ya ukurasa inayoanza na neno "Tuseme". Tuseme mvua inakataa kunyesha upande mmoja wa mto tu. Tuseme mtoto anayeitwa mchawi anaweza kweli kusikia mawazo ya wale wanaomshitaki, atasikia nini? Badilisha jambo moja tu, kisha ufuate matokeo. Kiswahili chako cha nyumbani kinafaa. Majina ya jirani ya kweli usitie.

Mulete karatasi kwangu mbele ya Ijumaa. Tatu zitapigwa katika gazeti linalofuata. Hizo zingine tutazisoma kwa sauti katika labo, kama labo itakuwa bado yetu siku za Jumamosi.

Mungu awabariki.

Mwalimu wa fizike